Burkitt, eksirei na pumba za mashineni Mpanda

Picha zilizompatia Denis Burkitt sifa yake ya pili hazikuwa za kifua wala za mfupa. Zilikuwa za mifuko ya plastiki yenye kinyesi. Mtu alimezeshwa punje 25 ndogo zinazoonekana kwenye eksirei, kisha kila alipokwenda haja kubwa aliweka choo chake mfukoni na kuandika siku na saa. Mfuko ulipigwa picha, punje zikahesabiwa. Zikishatoka 20, muda wa chakula kupita tumboni umejulikana. Mionzi ilipiga mfuko tu. Mwenye tumbo yuko nyumbani kwake.

Sifa ya kwanza inajulikana zaidi huku kwetu. Burkitt, daktari wa upasuaji mwenye jicho moja kutoka Ireland ya Kaskazini, alifika Uganda mwaka 1946 na ndiye aliyeielezea saratani ya taya za watoto iliyopewa jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walitoka Kampala kwa gari kuukuu hadi Afrika Kusini, wakipita Tanganyika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama ugonjwa huo unaonekana. Alihamia London mwaka 1966, ila swali la vijijini hakuliacha: mbona kidole tumbo, bawasiri na saratani ya utumbo mpana, vilivyojaa wodi za Uingereza, ni nadra hivyo Afrika?

Mwaka 1972, pamoja na Alec Walker na Neil Painter, alichapisha majibu katika jarida la Lancet. Kwa wanakijiji wa Uganda, chakula kilipita kwa wastani wa saa 36 hivi, na choo cha siku kilikuwa na uzito wa gramu 470. Kwa wanamaji wa Uingereza na wake zao, ni saa 83 na gramu 104. Tofauti, alisema, ni nyuzinyuzi: ganda la nafaka ambalo Mzungu hulitupa kiwandani.

Mpanda, mkoani Katavi, Tanzania, nayo hulitupa, tena kwa kulipia. Mashineni mteja huchagua dona au sembe, na wengi huchagua sembe. Mahindi ya sembe hukobolewa kwanza, ganda na kiini vikaondoka, pumba zikaenda kwa kuku na nguruwe. Ugali mweupe ndio wa kumwekea mgeni; dona limeachiwa shule za bweni.

Hata hivyo, sikubali kumchukua Burkitt kama mtume. Hospitali nyingi za misheni alizozitegemea zilikuwa na vipimo haba, na vifuko vinavyoota kwenye utumbo mpana, maradhi mengine aliyoyaona nadra Afrika, huonekana mgonjwa akipigwa picha kwa dawa ya bariamu. Pasipo mashine, ugonjwa waweza kuwapo bila kuandikwa popote. Tena watu walikufa mapema, kabla ya umri wa maradhi hayo. Mwaka 2000 majaribio mawili ya Marekani hayakuona nyuzinyuzi zikizuia vivimbe vya utumbo kurudi. Mwaka 2003 utafiti wa watu zaidi ya 500,000 katika nchi 10 za Ulaya ukaona wanaokula nyuzinyuzi nyingi wakipata saratani hiyo kwa uchache. Mjadala wa saratani umekwenda na kurudi. Ule wa kukosa choo ni mwepesi zaidi: pumba hufyonza maji, choo kikawa laini na kizito, kikatoka mapema.

Kwa mkulima wa Katavi liko jambo ambalo mifuko ya Burkitt haikuligusa. Mahindi yakihifadhiwa na unyevu huota ukungu wenye sumukuvu, inayoharibu ini, na sehemu kubwa ya sumu hiyo hukaa kwenye ganda na kiini. Kukoboa huipunguza, anayekula dona huila yote. Kwa hiyo anayetaka dona aanzie ghalani: mahindi yaanikwe juu ya turubai hadi yakauke sawasawa, na yaliyooza yachambuliwe kabla ya gunia kufika mashineni.