Kipindi Kinachoibwa Ratibani

Katika ratiba za shule zetu nyingi kuna kipindi kinachoishi kwenye karatasi tu. Jina lake ni mazoezi ya viungo. Kengele yake inapolia wanafunzi hubaki madarasani, akaingia mwalimu wa Hisabati au wa Kiingereza na rundo la maswali, na ubao ukajaa hadi pembeni. Mwalimu mkuu hulinyamazia jambo hili, na mzazi hulifurahia. Mimi nauita wizi, na anayeibiwa zaidi ni mtoto wa chekechea na wa madarasa ya chini.

Mimi si mwalimu wa michezo. Kazi yangu ni kufundisha isimu, na ni isimu hiyo iliyonifikisha hapa. Hebu tuutazame msamiati wetu wenyewe. Kiswahili huhesabu umri wa mtoto mchanga kwa miondoko yake: hukaa, husota, hutambaa, husimama dede, huenda tata, hatimaye hutembea. Maneno dede na tata yana kazi hiyo mahususi ya kutaja hatua za mtoto anayejaribu kusimama na kwenda kwa miguu yake. Jamii haitungi maneno ya namna hiyo bure. Wazee wetu walikuwa wakimtazama mtoto kwa makini, nao walijua kwamba mwili ndio darasa la kwanza.

Tena walijua kwamba darasa hilo linahitaji mwalimu. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani, Charles Super, alichunguza watoto wachanga wa Kipsigis katika kijiji cha Kokwet, hapa hapa Kenya. Aliwaona kina mama wakiwafunza watoto wao kukaa kwa kuwaweka katika shimo dogo lililochimbwa ardhini, au kwa kuwazungushia blanketi ili wasianguke. Waliwafunza pia kusimama na kutembea, na lugha yao ilikuwa na maneno maalumu ya kutaja mafunzo hayo. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1976 yalionyesha kwamba watoto hao walikaa, wakasimama na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani. Katika kutambaa, hata hivyo, hawakuwatangulia, kwani hakuna aliyewafunza kutambaa. Somo la Kokwet ni wazi: mwili wa mtoto huitikia mafunzo anayopewa.

Huenda msomaji akauliza, kutembea kuna uhusiano gani na elimu? Uhusiano upo, tena ni wa karibu. Mwaka 2014 watafiti Eric Walle na Joseph Campos walionyesha kwamba watoto wachanga wanaotembea huwa na msamiati mpana kuliko wenzao wa umri ule ule ambao bado wanatambaa. Sababu yake si ngumu kuikisia. Mtoto aliyesimama huona mbali, mikono yake iko huru kubeba vitu, naye humpelekea mama kikombe, kiatu au jani. Mama naye humtajia jina la kile alichokileta. Kila safari ya miguu huzaa mazungumzo.

Mambo hayakomei hapo. Mkono unaoandika hutegemea bega lililo imara na mgongo unaoweza kukaa wima. Maana ya juu na chini, mbele na nyuma, kushoto na kulia, mtoto huipata kwanza kwa kuruka, kuinama na kugeuka, kabla ya kuulizwa kwenye karatasi. Yule anayecheza kati au blada hujifunza kuhesabu, kungoja zamu yake, kufuata kanuni na kukubali kushindwa. Mwalimu gani asiyetamani kuwa na mwanafunzi wa namna hiyo?

Kwa bahati mbaya, lugha yetu hiyo hiyo imetupa pia silaha ya kuudunisha mchezo. Tukitaka kulipuuza jambo twasema ni mchezo. Tukitaka kulitukuza twasema si mchezo. Mtoto husikia "Acha mchezo!" mara nyingi kwa siku kuliko anavyosikia jina lake. Lakini kitenzi kucheza ndicho tunachokitumia pia kwa ngoma, na katika jamii zetu ngoma ilikuwa shule ya heshima, historia na umoja.

Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikuwa na mazoezi ya viungo ratibani, lakini somo hilo halikutahiniwa katika KCPE, na lisilotahiniwa likahesabiwa kuwa halina thamani. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala wa Umilisi ulipoanza kutekelezwa mwaka 2019, uliweka shughuli za miondoko na ubunifu katika madarasa ya chini. Basi kisingizio cha mtihani kimeondoka. Mazoea ndiyo yaliyobaki.

Viwanja navyo vinaliwa. Wengi wetu tunakumbuka Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walipoandamana kuutetea uwanja wao uliokuwa umezungushiwa ukuta, na polisi wakawarushia vitoa machozi. Uwanja huo ulirejeshwa. Hata hivyo, ni aibu kwamba watoto wadogo ndio waliolazimika kuwafundisha watu wazima kuwa kucheza ni haki, ilhali Kenya iliridhia mwaka 1990 Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao unaitaja haki hiyo katika kifungu cha 31.

Nawaelewa walimu wenye wanafunzi wengi na nafasi finyu. Lakini hatuhitaji jumba la michezo. Mstari wa chaki sakafuni hufunza mizani ya mwili. Kamba ya katani hufunza mdundo. Mpira wa matambara hufunza jicho na mkono kushirikiana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilipendekeza kwamba mtoto wa miaka 3 hadi 4 apate angalau dakika 180 za kujongeajongea kwa siku, 60 kati yake zikiwa za kutoa jasho. Je, mtoto anayeketi kwenye dawati asubuhi kutwa, akarudi nyumbani kuketi mbele ya televisheni, atazipata wapi?

Kwenu wanafunzi wa vyuo vya ualimu, nina ombi moja. Mtakapokabidhiwa madarasa yenu, msikiguse kipindi hicho kwa sababu ya somo lolote, hata likiwa Kiswahili changu. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mgongo uliozoea kupinda juu ya daftari tangu utotoni haunyooshwi kwa cheti.