Msokoto uliotiwa hashishi: Mzazi, hii si bangi uliyoizoea

“Bangi ni bangi tu.” Kauli hii husikika sana kwa wazazi wanaogundua kuwa kijana wao anavuta. Wengi wamekulia mitaa ambayo hapakukosa mzee mmoja aliyejulikana kwa msokoto wake, akaenda shamba au baharini kila siku na akazeeka na nguvu zake. Kwa hiyo wapo wanaochapa, wapo wanaofukuza, na wapo wanaojifariji kuwa ni ujana, utapita.

Kujifariji huko ndiko kunakochelewesha wengi kufika hospitali. Siku hizi upo msokoto usio na majani makavu peke yake, bali umeongezewa hashishi. Kwa nje ni msokoto kama mingine, lakini ulevi uliomo ndani unaweza kuwa mara mbili au zaidi, na anayevuta hana njia ya kujua. Hapo ndipo lilipo tatizo kwa mgonjwa, kwa mzazi na hata kwa daktari atakayempokea usiku.

Hashishi ni nini?

Mmea ni ule ule wa bangi. Juu ya maua ya mmea jike kuna vinyweleo vidogo sana vyenye utomvu unaonata. Humo ndimo inamopatikana kwa wingi THC, kemikali inayolevya, ambayo wanasayansi Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenganisha nchini Israel mwaka 1964. Utomvu huo ukikusanywa na kushindiliwa hupatikana donge la kahawia, kijani kilichokolea au jeusi. Donge hilo ndilo hashishi.

Hashishi hutengenezwa zaidi katika nchi kama Moroko, Afghanistan na Pakistan. Katika Bahari ya Arabu, meli za kivita za kimataifa zinazofanya doria zimekuwa zikikamata tani za hashishi kwenye majahazi, mara nyingine pamoja na heroini. Bahari hiyo ndiyo inayoungana na yetu, hivyo tusidhani ni tatizo la watu wa mbali.

Hesabu ya msokoto

Tuchukue mfano wa msokoto wenye nusu gramu ya bangi ambayo asilimia 10 ya uzito wake ni THC. Ndani yake zimo miligramu 50 za THC. Sasa ongeza robo gramu tu ya hashishi yenye asilimia 20. Hiyo peke yake inaleta miligramu 50 nyingine. Kipande kidogo kuliko punje ya maharage kimeufanya msokoto mmoja kuwa miwili. Si yote inayoingia mwilini, kwa sababu nyingine huungua na nyingine hupotea na moshi, lakini kilichoongezeka kimeongezeka.

Kiwango cha asilimia 20 si cha kubuni. Vipimo vya Ulaya, ambako hashishi hupimwa kila mwaka, vinaonyesha kuwa wastani wake katika miaka ya karibuni umefikia asilimia 20 na kupita, karibu mara mbili ya ule wa majani. Miaka kumi na kitu iliyopita hashishi hiyo hiyo ilikuwa na chini ya nusu ya kiwango hicho. Kijiweni hakuna anayepima. Donge la leo laweza kuwa hafifu na la kesho likawa kali, na jina likabaki lile lile.

Hapa nchini, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya (DCEA) imekuwa ikitangaza kukamatwa kwa skanka, aina ya bangi yenye kiwango kikubwa cha THC. Kwa mwili, skanka na msokoto uliotiwa hashishi vina hatari ya aina moja: ulevi mwingi ndani ya mikupuo michache.

Pale hashishi inapochanganywa na tumbaku, kijana hupata vitu viwili kwa mpigo. Nikotini ya tumbaku humfunga haraka, na baadaye hujikuta anatafuta sigara hata siku ambazo bangi haipo.

Usiku wa dharura

Moshi ukishafika kwenye mapafu, THC huingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo ndani ya dakika chache. Ulevi hudumu kwa saa mbili hadi nne. Aliyezidiwa huwa na macho mekundu, kinywa kikavu na moyo unaokwenda mbio. Anaweza kutapika, kutetemeka, kushikwa na hofu kali akiamini anakufa, au kusema kuna watu wanamfuata.

Kama ametulia kidogo na anajibu maswali, mweke mahali penye utulivu, zima redio, kaa naye na mwambie kwa upole kuwa hali hiyo itapita. Mpe maji anywe taratibu. Usimgombeze usiku huo. Mazungumzo yana siku yake.

Usimlazimishe kutapika, usimmwagie maji ya baridi, na usimnyweshe maziwa ukidhani yanazimua. Maziwa hayaondoi THC mwilini, na mtu aliyelegea anaweza kupaliwa hadi yakaingia kwenye mapafu.

Mpeleke hospitali mara moja ukiona haamki vizuri, anapumua kwa shida, anapata degedege, anasikia maumivu ya kifua, anatapika bila kukoma, au amechanganyikiwa kiasi cha kutaka kujidhuru au kudhuru wengine. Ukiwa njiani mlaze kwa ubavu. Usidhani kila kitu ni bangi, kwa kuwa huenda amechanganya na pombe, vidonge au heroini, na mchanganyiko huo ndio unaoweza kusimamisha pumzi.

Wazazi wenye watoto wadogo wasikilize hili pia. Kipande cha hashishi kinafanana na kipande cha chokoleti, na zipo biskuti na keki zilizotiwa bangi. Ikiliwa, huchelewa: huanza kufanya kazi baada ya nusu saa hadi saa mbili, na hudumu muda mrefu zaidi. Mtu mzima akiona haijamshika huongeza nyingine, kisha zote zinamfikia pamoja. Mtoto wa miaka miwili au mitatu akila anaweza kulala usingizi mzito usio wa kawaida na kupumua kwa shida. Huyo ni wa hospitali hapo hapo, wala asisubiriwe aamke.

Akili inapoyumba

Ulevi ukiisha, wengi hurudi katika hali yao. Lakini wapo ambao baada ya siku au wiki kadhaa bado wanasikia sauti wasizozisikia wengine, wanaamini majirani wanapanga kuwaua, hawalali, wanacheka peke yao au wanaacha kuoga. Hali hiyo inaitwa saikosisi, na ni ugonjwa unaotibika.

Uhusiano wake na bangi umefuatiliwa kwa miaka mingi. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 1987, uliofuatilia vijana zaidi ya 45,000 walioingia jeshini, ulionyesha kuwa waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 kabla ya kujiunga walikuwa na uwezekano mara sita zaidi wa kupata skizofrenia kuliko wasiovuta. Mwaka 2019 utafiti mwingine wa nchi tano za Ulaya na Brazil uliangalia ukali wa bangi yenyewe. Waliovuta kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 au zaidi walikuwa na uwezekano karibu mara tano wa kupata saikosisi, wakilinganishwa na wasiowahi kuvuta.

Hii haina maana kwamba kila anayevuta atachanganyikiwa. Wengi hawafiki huko. Lakini hatari huongezeka kwa mambo manne: kuanza akiwa na umri mdogo, kuvuta kila siku, kuvuta iliyo kali, na kuwa na ndugu wa damu mwenye ugonjwa wa akili. Ubongo huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, hivyo mwanafunzi wa sekondari anayevuta msokoto wenye hashishi anaweza kuwa na matatu kati ya hayo bila kujua.

Tatizo kubwa kwetu ni ucheleweshaji. Familia huanza kwa kusema karogwa na jirani au kapandwa na majini, na miezi inapita akizungushwa kwa waganga, wakati mwingine akiwa amefungwa kamba. Kadiri saikosisi inavyokaa bila dawa ndivyo inavyokuwa vigumu kumrudisha mgonjwa shuleni au kazini. Dua na sala hazizuii hospitali. Vyote viwili vinaweza kwenda pamoja, ilimradi hospitali isiwe ya mwisho.

Uraibu upo

Wapo wanaosema bangi haina arosto. Si kweli. Inakadiriwa kuwa mmoja kati ya kila watu kumi wanaotumia bangi hupata uraibu. Kwa walioanza wakiwa vijana wadogo, hufikia karibu mmoja kati ya sita. Anayeacha ghafla baada ya kuvuta kila siku huanza kuona dalili ndani ya siku moja au mbili: hasira za haraka, kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula, jasho na ndoto za kutisha. Wiki ya kwanza ndiyo ngumu zaidi, kisha hali hupungua ndani ya wiki mbili au tatu, ingawa usingizi unaweza kuchelewa kurudi.

Mzazi akilijua hili hatamfukuza kijana siku ya tatu kwa kuwa “amekuwa mkorofi zaidi tangu aache.” Hiyo ndiyo siku anayomhitaji.

Ipo pia hali ya kutapika inayowapata baadhi ya waliotumia kwa muda mrefu. Mgonjwa hutapika kwa vipindi, tumbo linauma, anapimwa malaria na vidonda vya tumbo na hakionekani kitu. Dalili ya pekee ni kwamba anapata nafuu akioga maji ya moto, hata mara kadhaa kwa siku. Madaktari wa Australia waliieleza hali hii mwaka 2004. Tiba yake ya kudumu ni kuacha bangi kabisa.

Kama una maradhi mengine

Baadhi ya wagonjwa huvuta wakiamini ni dawa. Ni kweli ipo dawa iliyotokana na mmea huu, kanabidioli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa aina chache za kifafa kikali cha watoto. Dawa hiyo hupimwa kwa miligramu na hailevyi. Msokoto wenye hashishi hauna kipimo, na umejaa THC.

Mwenye ugonjwa wa moyo ajue kuwa THC huyaongeza mapigo ya moyo, na moshi huleta hewa ya kaboni inayopunguza oksijeni kwenye damu. Mwenye pumu anajiongezea moshi na lami kwenye mapafu. Anayetumia warfarini anaweza kutokwa na damu kirahisi zaidi. Anayetumia klozapini au olanzapini kwa ugonjwa wa akili ajue kuwa moshi hupunguza kiwango cha dawa hizo mwilini, na akiacha kuvuta ghafla kiwango hupanda. Hivyo daktari aambiwe yote mawili. Mjamzito asivute kabisa, kwa kuwa THC hupita kwenye kondo la nyuma na matumizi yake yanahusishwa na kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Anayenyonyesha pia, maana hupita kwenye maziwa.

Mzazi aanzie wapi?

Macho mekundu peke yake si ushahidi. Tazama mabadiliko yanayoandamana: alama za shule kushuka, marafiki wa zamani kuachwa, fedha na vitu vya nyumbani kupotea, kulala mchana na kukesha usiku, karatasi za kusokotea na harufu nzito kwenye nguo.

Chagua wakati ambao yeye hajalewa na wewe huna hasira. Uliza badala ya kuhukumu: anavuta nini, kinachanganywa na nini, mara ngapi kwa wiki, alianza lini, na anapokosa anajisikiaje. Akikwambia kuna hashishi, au “kitu cha nje,” usipuuze. Jibu hilo linabadilisha uzito wa jambo zima.

Andika majibu hayo kwenye karatasi na uende nayo kituo cha afya, kisha uombe rufaa ya kitengo cha afya ya akili. Usifiche kwa kuogopa kuwa daktari ataita polisi. Kazi yake ni kutibu, na siri ya mgonjwa ni sehemu ya kazi hiyo. Asipoambiwa kuhusu bangi anaweza kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Usitegemee sindano au kidonge cha kumaliza kazi. Methadoni, inayotolewa Muhimbili tangu mwaka 2011 na baadaye katika vituo vingine, ni ya waraibu wa heroini na jamii yake, haitibu uraibu wa bangi. Kinachosaidia ni ushauri nasaha wa mara kwa mara, dawa za saikosisi au usingizi pale daktari anapoona zinahitajika, na familia inayokubali kwamba kuteleza mara moja si kushindwa.

DCEA inapokea simu bila malipo kupitia namba 119, na unaweza kuuliza huduma zilizo karibu nawe. Usipige tu siku kijana amevunja milango. Piga ile wiki uliyoanza kuona halali.