Dola 90 kwa saa, lakini saa ipi?

Kijana akikuambia kwamba shirika la ndege la safari fupi huko Marekani limemwahidi dola 90 kwa saa, mpongeze, kisha muulize: saa hiyo inaanza kuhesabiwa lini?

Mtazame rubani msaidizi wa Embraer 175 yenye viti 76. Amefika uwanjani mapema, ameizunguka ndege na tochi mkononi akikagua matairi na mabawa, amerudi ndani kuingiza njia kwenye kompyuta. Abiria wameketi. Mara radi zinaanza na safari inasimamishwa dakika 50, mlango ungali wazi. Kwa mikataba mingi, malipo huanza mlango ukishafungwa na breki kuachiwa. Kabla ya hapo ana posho ya kujikimu tu.

Ndiyo maana mikataba huweka kima cha chini, mara nyingi saa 75 hivi kwa mwezi. Zidisha kwa 90 upate dola 6,750, yaani 81,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Si haba. Lakini anayepiga hesabu ya saa 40 kwa wiki, kama karani wa ofisini, atajiota na dola 187,200 ambazo hazipo.

Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Februari 2009 ndege ya Colgan Air, iliyokuwa ikiruka kwa jina la Continental, ilianguka karibu na Buffalo na kuua watu 50. Wachunguzi walisema kapteni alikosea alipoitikia onyo la ndege kuishiwa mwendo. Wakati huohuo nchi ikasikia kwamba msaidizi wake alikuwa amevuka bara zima usiku kucha, kutoka Seattle hadi Newark, ili kuwahi zamu. Bunge likatunga sheria mwaka uliofuata, na tangu 2013 rubani wa abiria hutakiwa kuwa na saa 1,500 angani, pungufu kwa waliotoka jeshini au vyuo vya urubani. Ajabu ni kwamba marubani wote wawili wa Colgan walikuwa wameshazipita saa hizo.

Sheria hiyo iliwapunguza marubani sokoni. Mwaka 2020 corona ikaja, mashirika makubwa yakawalipa wakongwe wastaafu mapema. Abiria waliporudi, yakawachukua marubani wa mashirika madogo. Juni 2022 Envoy, Piedmont na PSA, yote mali ya shirika la American Airlines, yakapandisha mshahara wa kuanzia hadi dola 90, sehemu yake ikiwa nyongeza ya muda.

Mwaka 2024 upepo ukageuka. Boeing ilichelewesha ndege mpya, injini za Pratt & Whitney zikaleta matatizo, wakubwa wakapunguza kuajiri. Mashirika madogo yakajikuta na wasaidizi tele na makapteni wachache, kwa kuwa msaidizi hawezi kuvaa mistari minne ya ukapteni kabla ya kutimiza saa 1,000 katika ndege za mashirika.

Na kila kitu, kuanzia ratiba na likizo hadi ukapteni, hufuata namba ya ukongwe. Aliyeajiriwa wiki moja kabla yako atakutangulia mpaka mstaafu mkiwa na miaka 65. Ukihama shirika, unaanzia mkiani. Kwa hiyo kabla ya kusaini, uliza utakaa miezi mingapi kwenye zamu za kusubiri kuitwa, na aliyepata ukapteni mwezi uliopita aliajiriwa mwaka gani.