Mgeni wa Miaka Mingi katika Vijiji vya Ziwa Nyasa

Nyumba nyingi za Kikristo vijijini zimepata kupokea mgeni wa kujitolea, kijana wa Ulaya au Marekani au Ujapani, ambaye hakuja kutafuta mshahara bali kufundisha, au kuuguza, au kusaidia kuchimba kisima. Hukaa mwaka mmoja au miwili, kisha huaga na kurudi kwao. Mwenye nyumba hubaki akijiuliza: Je, mgeni yule aliishi nasi, au alikaa karibu nasi tu? Swali hili si jipya. Watu wa pwani ya Ziwa Nyasa walikuwa na mgeni wa namna hii zamani, na maisha yake ya kila siku yafaa kuangaliwa.

Jina lake William Percival Johnson, Mwingereza. Alipokuwa Oxford alikwisha kupata nafasi katika utumishi wa Serikali ya nchi yake huko Bara Hindi, kazi yenye heshima na malipo mazuri. Akaiacha. Mwaka 1876, naye ni kijana wa miaka 22, akaja Unguja kumfuata Askofu Edward Steere. Watu wa misheni yao, U.M.C.A., hawakulipwa mshahara. Walipewa chakula na mahali pa kulala, na paundi 20 kwa mwaka kwa nguo na haja ndogondogo.

Mwaka 1880 Johnson alikwenda kukaa Mwembe, mji mkubwa wa Mataka, mfalme wa Wayao. Hakuwa na askari wala bendera. Alikaa kwa hisani ya wenyeji. Lakini Mataka aliishi kwa biashara ya watumwa, na mwaka 1881 msafara wa watu wake ulikamatwa pwani kwa nguvu za Waingereza. Habari zilipofika Mwembe, watu wakamwendea Mwingereza aliye karibu. Mali yake ikaporwa, naye akalazimika kuondoka. Hakuna aliyemwuliza kama ndiye aliyeagiza msafara ukamatwe. Ndivyo ilivyo kwa mgeni kijijini: hata akiwa mpole namna gani, amebeba nchi yake nzima kichwani kama mzigo wa kuni, na siku moja yaweza kumpasa kulipa deni asilolikopa. Wanaojitolea leo wayajua hayo, hasa Serikali zao zinapofanya jambo la kuchukiza.

Akaelekea ziwani pamoja na mwenzake, Charles Janson. Walilifikia ziwa, na Janson akafa mwaka ule ule wa 1882. Johnson akaendelea peke yake, kijiji kwa kijiji.

Siku zile watu wa ziwani waliishi katika hofu. Wangoni walishuka kutoka milimani kuteka watu na ng'ombe, kwa hiyo vijiji vingi vilizungushiwa boma la miti, nyumba zimesongamana ndani. Mgeni alilala humo humo, katika moshi na vilio vya watoto, na kama boma lilishambuliwa alishambuliwa nalo. Chakula kilikuwa ugali wa mihogo na samaki, hasa wale wadogo waitwao usipa, waliokaushwa juani. Tena kuna nkungu, wadudu wadogo wanaoinuka juu ya maji kama moshi mnene. Upepo ukiwaleta nchi kavu, watu huwakusanya na kuwakanda wawe mkate. Livingstone, alipopita ziwani mwaka 1861, aliuonja, akaona ladha yake si mbali na ya nzige. Wenzake Johnson wamesimulia kwamba hakujali chakula wala nguo wala kitanda. Nadhani wamsifuo kwa hilo husahau upande wa pili. Mgeni asiyechagua chakula ni nafuu kubwa kwa mama mwenye nyumba, kwa maana kijiji maskini chaweza kumaliza kuku wake wote kwa kumheshimu mtu mmoja.

Lililo zito zaidi ni habari ya macho yake. Misheni ilinunua merikebu ya moshi ili kuvifikia vijiji vya pwani, ikaitwa Charles Janson kwa ukumbusho wa yule aliyekufa. Ilikuja vipande vipande, ikapitishwa nchi kavu penye maporomoko ya mto Shire mabegani mwa wapagazi. Katika kazi hiyo, mwaka 1884, Johnson alishikwa na ugonjwa wa macho. Akarudishwa Uingereza, jicho moja likapofuka, la pili likabaki na nuru haba. Mtu angesema, Basi, kazi yake imekwisha. Yeye akarudi.

Fikirini maisha ya mtu wa namna hiyo katika njia za kijijini. Mto ukifurika, au njia ikipita juu ya miamba, alihitaji macho ya wengine. Twasema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe lake Johnson lilikuwa lugha. Biblia nzima katika Kinyanja, aliyoishughulikia miaka mingi, ilipigwa chapa mwaka 1912. Na nani awezaye kufasiri Biblia katika lugha asiyozaliwa nayo, ila kwa midomo na masikio ya wenyeji?

Nanyi walimu, angalieni jambo moja. Merikebu ilitia nanga, padre akashuka, akafundisha, akabatiza, kisha moshi ukaonekana tena ukienda kijiji kingine. Aliyebaki na shule, na wagonjwa, na ugomvi wa watu, alikuwa mwalimu mwenyeji. Majina ya walimu hao ni machache sana vitabuni, na mimi naona ni hasara.

Johnson aliwekwa kuwa Arkidiakoni wa Nyasa mwaka 1896, lakini cheo hakikumtoa njiani. Askofu Chauncy Maples, mwenzake tangu siku za kwanza, alikufa maji katika ziwa hilo mwaka 1895. Wengine walikufa kwa homa. Yeye akaendelea hata uzee. Alifariki Oktoba 1928, mwenye miaka 74, huko Liuli, ambako leo ni wilaya ya Nyasa katika mkoa wa Ruvuma. Hawakumpeleka kwao. Alizikwa huko huko Liuli.