Kura tatu na busara ya wazee wa Tanga

Mwaka 1957 ulipokuwa ukielekea ukingoni, TANU ilikuwa na umri wa miaka 3 tu na tayari ilikabiliwa na hatari ya kupasuka. Hatari hiyo haikutoka kwa Gavana Edward Twining wala kwa chama cha UTP, kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za serikali ili kuizima TANU. Ilitoka ndani ya chama chenyewe, kwa wanachama waaminifu waliokuwa wameudhika, na walikuwa na haki ya kuudhika.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria. Masharti yake yalikuwa mazito. Mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au awe na kiwango fulani cha elimu, au awe na cheo kinachotambuliwa. Kibarua wa mkonge wa Muheza au Korogwe, mpagazi wa bandarini Tanga na mvuvi wa Pangani wote walikuwa mbali mno na kipato hicho. Hata yule karani au mwalimu aliyebahatika kuandikishwa hakuachiwa hiari: alilazimika kuwapigia kura watu watatu, Mwafrika mmoja, Muasia mmoja na Mzungu mmoja. Akimchagua mmoja na kuwaacha wawili, kura yake iliharibika.

Hiyo ndiyo iliyoitwa kura tatu. Katika nchi ambayo Waafrika walikuwa mamilioni na Wazungu ni maelfu machache, kila kabila la rangi lilipewa idadi sawa ya viti. Wengi ndani ya TANU walisema kwamba kushiriki ni kukiri kuwa Mzungu mmoja ana thamani ya maelfu ya Waafrika. Zuberi Mtemvu, mmoja wa viongozi hodari wa chama, alikuwa katika safu ya mbele ya wapinzani hao. Kwao jibu lilikuwa moja: tususie.

Hoja ya upande wa pili ilikuwa ngumu kuitetea jukwaani. TANU ikisusia, uchaguzi ungefanyika vile vile. UTP ingejinyakulia viti vyote bila jasho, kisha Uingereza ingeuambia ulimwengu kwamba hao ndio wawakilishi halali wa Tanganyika. Aidha, katika majimbo mengi Waafrika walioandikishwa wangeweza kuamua nani kati ya Waasia na Wazungu aingie Barazani. Silaha iliyotengenezwa ili kuwagawa ingeweza kugeuzwa. Lakini nani angethubutu kusimama mbele ya wajumbe wenye hasira na kuwaambia wakubali sheria wanayoichukia?

Mkakati uliopikwa Tanga

Hapa ndipo Tanga inapoingia, na ni masikitiko kwamba watoto wetu wengi humaliza shule bila ya kulisikia jambo hili. Mwanahistoria Mohamed Said, katika kitabu chake juu ya maisha ya Abdulwahid Sykes, ameeleza jinsi Julius Nyerere alivyokwenda Tanga kabla ya mkutano mkuu wa Tabora ili kushauriana na viongozi wa TANU wa huko. Miongoni mwao walikuwa Hamisi Heri, Mwalimu Kihere na Sheikh Abdallah Rashid Sembe. Mohamed Said ameliita tukio hilo Mkakati wa Tanga.

Nyerere aliwafunulia wazee hao kwamba anakusudia kuiunga mkono kura tatu, na kwamba anajua upinzani utakaomkabili. Hakuwaita ili kuwapa amri. Aliwahitaji wamsaidie kubeba hoja ambayo peke yake ingemshinda. Wao nao walikuwa na mengi ya kupoteza. Sheikh Sembe alikuwa msemaji mahiri aliyesikilizwa na Waislamu wa mwambao. Mtu wa namna hiyo hujenga heshima yake kwa miaka mingi, na huweza kuipoteza kwa hotuba moja tu inayowaudhi watu wake.

Tanga ilifaa kuwa mahali pa shauri hilo. Katika mitaa ya Ngamiani na pembezoni mwake, Mdigo, Mbondei, Msambaa na Msegeju walikuwa wamezoea kusimama safu moja msikitini na Mshihiri, Mngazija na Mhindi. Swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni halikuwa la vitabuni kwa watu wa mji huo. Liligusa ndoa, mirathi na udugu wao.

Tabora, Januari 1958

Mkutano ulifanyika Tabora mwezi Januari 1958. Kwa maelezo ya Mohamed Said, Nyerere alikiacha kiti cha uenyekiti, kikakaliwa na Mwalimu Kihere wa Tanga, ili yeye apate kuzungumza kama mjumbe mwenye hoja yake. Hatua hiyo inastahili kuzingatiwa. Mwenyekiti anayetaka kushinda kwa hila hung'ang'ania kiti, kwa kuwa kiti ndicho kinachompa uwezo wa kumnyamazisha mpinzani.

Mjadala ulikuwa mkali. Inasimuliwa kwamba Nyerere aliwapigia wajumbe mfano wa mtu aliyevaa kanzu nyeupe, ambaye ili alifikie shamba lake hana budi kupita kwenye matope. Akiogopa kuchafua kanzu, shamba litampotea. Mfano huo haukuwadanganya wajumbe kwamba matope ni maji safi. Kura zilipohesabiwa, waliokubali kushiriki walikuwa 37 na waliokataa walikuwa 23. Uamuzi huo ndio unaokumbukwa kwa jina la Uamuzi wa Busara.

Muislamu akisoma habari hizi hawezi kuacha kukumbuka Hudaybiya. Hatumlinganishi mwanasiasa yeyote na Mtume, rehema na amani zimshukie. Tunatafuta mafunzo tu. Mwaka wa 6 Hijria masahaba walizuiwa kuingia Makka, na mkataba ulioandikwa uliwachoma nyoyo. Sayyidna Umar hakuficha uchungu wake, akauliza maswali waziwazi. Mtume alipowaamuru watu wachinje na kunyoa, mwanzo hakuna aliyenyanyuka. Ni mkewe, Bibi Umm Salama, aliyemshauri atoke, asimsemeshe mtu, achinje na kunyoa mwenyewe mbele yao. Alipofanya hivyo, wote walimfuata. Baada ya miaka 2 Makka ilifunguliwa.

Matunda na gharama

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. TANU na wale iliowaunga mkono walipata ushindi mkubwa, na UTP ikatoweka. Miongoni mwa walioingia Barazani kwa kuungwa mkono na TANU alikuwa Bi Sophia Mustafa, mwanamke Muislamu mwenye asili ya Bara Hindi, aliyechaguliwa katika Jimbo la Kaskazini. Kura tatu iliondolewa, na katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71.

Mtihani wa pili ulikuja Oktoba 1961, safari hii ndani ya Bunge lenyewe, majuma machache kabla ya uhuru. Serikali ilipeleka muswada wa uraia. Aliyezaliwa Tanganyika na mzazi mmoja aliyezaliwa Tanganyika angekuwa raia siku ya uhuru, bila ya kuangaliwa rangi. Wengine wangepewa miaka 2 ya kuomba kuandikishwa. Baadhi ya wabunge wa TANU, akiwamo Christopher Kasanga Tumbo, waliupinga kwa nguvu. Walitaka uraia uwe wa Waafrika, kwa hoja kwamba wengine walikwisha kufaidi vya kutosha wakati wa ukoloni. Hoja hiyo ilipendwa na wengi mitaani. Nyerere, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliwakabili wabunge wa chama chake mwenyewe na kutamka kwamba kuwabagua watu kwa rangi ni jambo asilolikubali, na kwamba serikali yake iko tayari kujiuzulu likikataliwa Bungeni. Muswada ukapita.

Kwa familia nyingi za Tanga, Pangani na Lushoto kura ile haikuwa habari ya gazetini tu. Mtoto wa baba Mshihiri na mama Mdigo alikuwa akiamuliwa iwapo ataamka tarehe 9 Desemba 1961 akiwa mwananchi au mgeni katika nyumba aliyozaliwa.

Hata hivyo, uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Zuberi Mtemvu aliondoka TANU baada ya Tabora, akaunda chama cha African National Congress. Mwaka 1962 alisimama peke yake dhidi ya Nyerere katika uchaguzi wa Rais, akapata kura 21,276 dhidi ya zaidi ya milioni 1.1. Mtu anaweza kutokubaliana na siasa yake, lakini kusimama katika uchaguzi ambao kila mtu anajua utashindwa nako kunahitaji moyo. Tumbo naye baadaye aliacha ubalozi London na kuunda chama cha upinzani. Kisha, mwaka 1965, sheria ikaifanya TANU kuwa chama pekee Tanganyika. Chama kilichookolewa na mjadala wa wazi wa Tabora kikaufunga mlango wa mjadala kwa waliokuwa nje yake, na mlango huo haukufunguliwa tena kisheria hadi mwaka 1992.

Hapo ndipo lilipo funzo kubwa kwetu. Wale wajumbe 23 walioshindwa Tabora walikuwa na kazi katika ule uamuzi. Hoja zao ziliwalazimisha waliotaka kushiriki kupima kila neno, na ushindi wa 37 ukawa na uzito kwa sababu ulipatikana mbele ya watu waliokuwa huru kusema hapana. Mwenyezi Mungu, katika Suratu Aal Imran, aya ya 159, alimwamrisha Mtume awashauri masahaba wake, na aya hiyo iliteremka baada ya Uhud, pale ambapo rai ya wengi ya kutoka nje ya Madina ilikuwa imefuatiwa na msiba. Msiba ule haukuifuta shura.

Wazazi wenye wazee waliozishuhudia siku zile za Tanga wasikawie kuwaketisha vijana mbele yao. Majina ya Hamisi Heri, Mwalimu Kihere na Sheikh Sembe hayamo katika vinywa vya wanafunzi wetu, na kila jeneza linalotoka Ngamiani huenda likaondoka na sehemu ya habari ambayo haijaandikwa. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na awajaalie viongozi wetu wa leo ujasiri wa kuwaambia watu wao ukweli, na subira ya kuwasikiliza wanapokataa. Amin.