Je, Wajua? Hata Bidhaa Huulizwa Kwao ni Wapi

Je, wajua kwamba Kenya na Uganda zilikuwa na umoja wa forodha tangu 1917, miaka 40 kabla ya nchi sita za Ulaya kutia saini Mkataba wa Roma? Tanganyika iliingia katika miaka ya 1920. Mkoloni aliuweka kwa faida yake, lakini ulitangulia.

Na wajua ulikoishia? Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967 ilivunjika 1977, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, nao ukakaa umefungwa hadi Novemba 1983. Wamaasai, Wakuria na Wadigo, ambao mpaka umewakata katikati, walijikuta ndugu zao wako ng'ambo ya kizuizi. Jumuiya ya sasa ilizaliwa Arusha, 30 Novemba 1999, na leo ina nchi nane, kuanzia Mogadishu hadi Kinshasa.

Wajua kwamba takriban asilimia 60 ya biashara ya nchi za Umoja wa Ulaya hufanyika baina yao wenyewe? Sisi Waafrika tuko kwenye asilimia 15 hivi.

Mongolia ndiyo iliyokuwa mwanachama wa mwisho wa Shirika la Biashara Duniani kukaa bila mkataba wa biashara huria na kundi au nchi yoyote. Mwaka 2016 nayo ikaanza wake, na Japani.

Je, wajua kwamba bidhaa nayo ina kwao? Mkataba wa Marekani, Mexico na Kanada ulioanza kutumika Julai 2020 unataka asilimia 75 ya thamani ya gari itokane na nchi hizo tatu, ndipo lipate nafuu ya ushuru ya mkataba huo. Mkataba uliotangulia, wa 1994, ulitaka asilimia 62.5. Tena sehemu ya gari lazima itoke katika viwanda vinavyolipa wastani wa dola 16 kwa saa. Kwa hiyo mwenye kiwanda, kabla ya kununua kipuri cha bei poa kutoka mbali, hupiga hesabu kama kipuri hicho hakitalinyima gari lake uasili. Mwaka 2023 Mexico iliipita China kwa mauzo ya bidhaa nchini Marekani.

China haikukaa bure. Novemba 2020, kwa njia ya video, nchi 15 za Asia na Pasifiki zilitia saini mkataba wa RCEP. Kwa mara ya kwanza China, Japani na Korea Kusini zikawa ndani ya mkataba mmoja wa biashara huria.

Wajua kisa cha mitumba? Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua, ili viwanda vyetu vya nguo vipate kupumua. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Julai 2018 Marekani ikaisimamishia nafasi ya kuuza nguo huko bila ushuru kupitia mpango wa AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwa zimesharudi nyuma. Hili linaniuma mpaka leo: uamuzi ulikuwa wa wote, adhabu ikabebwa na mmoja.

Je, wajua kwamba ushuru unaweza kuwa sifuri na mahindi bado yasivuke? Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache zuio likaondolewa kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuthibitisha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sumukuvu si kisingizio. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Lakini mkulima aliyekwisha kupakia magunia anahitaji kipimo ambacho nchi zote mbili zinakiamini, na akijue kabla ya kuvuna, asije akakisikia akiwa kwenye foleni.

Ulaya ilipita njia hiyohiyo kwa sababu ya chupa ya pombe. Ujerumani iliikataa Cassis de Dijon ya Ufaransa, eti kilevi chake hakifiki asilimia 25. Mwaka 1979 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba kinachouzwa kihalali katika nchi moja mwanachama kiruhusiwe katika nyingine, isipokuwa pawe na sababu nzito kama afya ya umma.

Mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika, uliofunguliwa kusainiwa Kigali Machi 2018, umesainiwa na nchi 54. Iliyobaki ni Eritrea peke yake.

Na mpakani Namanga je? Zamani lori lilisimama mara mbili, upande wa Tanzania kisha upande wa Kenya. Tangu Desemba 2018, kituo cha huduma kwa pamoja kilipozinduliwa rasmi, anayekwenda Kenya huingia jengo moja tu, lililo upande wa Kenya. Afisa wa Tanzania anagonga mhuri wa kutoka, hatua chache mbele afisa wa Kenya anagonga wa kuingia.

La mwisho nalitaka liwafikie akina mama wa vitunguu, nyanya na dagaa. Wajua kwamba mzigo uliozalishwa ndani ya Jumuiya, wenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupatiwa cheti rahisi cha uasili palepale mpakani? Wengi hawajaambiwa. Wanapita njia za panya usiku, beseni kichwani na mtoto mgongoni, na huko ndiko wanakonyang'anywa mzigo na kudhalilishwa. Kama shangazi yako anavusha vitunguu, mpigie simu leo umtajie jina la karatasi hiyo: cheti rahisi cha uasili. Aiombe kwa afisa wa forodha, mchana kweupe.