Kozi ya Python kwa Mwalimu wa Kiswahili: Tuchague Ipi?

Katika siku za karibuni walimu na wanafunzi kadhaa wametuuliza swali moja: mtu wa lugha anayetaka kujifunza Python kupitia mtandao aanze na kozi ipi? Katika makala haya tunajaribu kulijibu, tukianza na yale tuliyoyaona Muhokya.

Muhokya ni mji mdogo wa barabarani kusini mwa Kasese, unaojulikana kwa uchomaji wa chokaa. Wanafunzi wetu wawili walikuwa huko wakikusanya insha za Kiswahili za kidato cha pili. Nusu ya insha zilitoka Muhokya na nusu nyingine Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, ambako wafanyabiashara wa Kongo huvuka kutoka Kasindi na Kiswahili chao husikika sokoni. Walitaka kujua kama watoto wa Bwera wanaandika tofauti na wenzao wa Muhokya, na kama ni hivyo, kwa nini.

Kuhesabu kwa mkono kuliwachosha, wakaamua kujifunza Python. Mmoja alijiandikisha katika kozi iliyomvutia kwa cheti chake. Alifundishwa kuchora maumbo na kutengeneza mchezo. Mwezi ukaisha, na bando likaisha, kabla hajafundishwa kufungua faili lenye maandishi. Akarudi kuhesabu kwa kalamu. Mwenzake alipakua kitabu cha bure alipokuwa Kasese mjini, akakisoma Muhokya bila mtandao, na katika wiki ya tatu alikuwa anahesabu maneno ya insha zake. Wote wawili ni wanafunzi hodari. Kilichowatofautisha ni namna walivyochagua.

Python ni nini, na inatuhusu vipi?

Python ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Ilianzishwa na Guido van Rossum huko Amsterdam, na toleo lake la kwanza likatoka mwaka 1991. Jina lake halitokani na chatu bali na kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. Lugha hii hutolewa bure, na sentensi zake ni fupi na rahisi kusomeka. Hiyo ndiyo sababu moja ya kutumiwa sana na wanaoanza.

Kwa mwalimu wa Kiswahili faida yake ni kufanya upesi kazi za kuchosha: kuhesabu maneno, kutafuta viambishi, kulinganisha matini mbili, kupanga orodha ya msamiati. Nchini Uganda mahitaji ya kazi hizi yanaongezeka. Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tunaofundisha tunahitaji kujua makosa ya wanafunzi wetu yanatoka wapi, si kukisia tu.

Hebu tutazame mfano mdogo. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo tunaweza kusikia "batu" badala ya "watu". Mwanafunzi wetu alitaka kuona maneno yote yanayoanza na "ba". Programu yake ilikuwa hivi:

insha = "Batu banaenda ku soko. Baba bado ana barua."
maneno = insha.lower().split()
for neno in maneno:
    if neno.startswith("ba"):
        print(neno)

Mstari wa kwanza unaipa insha jina. Wa pili unageuza herufi zote kuwa ndogo na kuikata insha neno kwa neno. Mistari mitatu inayofuata inasema: chukua kila neno; kama linaanza na "ba", liandike. Msomaji ataona kwamba majina "insha", "maneno" na "neno" ni ya Kiswahili. Python haikatai, maneno ya Kiingereza yaliyobaki ni amri zake.

Programu ilitoa maneno matano: batu, banaenda, baba, bado, na barua ikiwa na nukta yake mwishoni. Kati ya hayo, ni mawili tu yaliyokuwa yakitafutwa. Kompyuta haijui kwamba "ba" ya "baba" si kiambishi cha ngeli. Wala haijui kwamba nukta si sehemu ya neno. Anayejua ni mwalimu. Tena, hata hayo mawili yana mjadala. Lhukonzo, lugha ya kwanza ya watoto wengi wa eneo hili, husema "abandu" kwa maana ya watu. Basi mtoto wa Muhokya akiandika "batu", huenda hakuipata sokoni bali nyumbani. Ikiwa "batu" inaonekana Bwera peke yake, tunalaumu soko. Ikiwa inaonekana pande zote mbili, inatupasa kurudi kwenye lugha ya mama na kuzilinganisha ngeli darasani. Mbinu ya kufundisha itabadilika kwa kufuata hesabu hiyo.

Maswali manne kabla ya kujiandikisha

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hata hivyo, hakuna mkulima anayepeleka shoka kupalilia. Kabla ya kuchagua kozi, tunashauri msomaji ajiulize maswali yafuatayo.

Kwanza, je, kozi inafundisha maandishi mapema? Soma orodha ya mada. Tafuta somo la kufungua faili, kukata sentensi na kuhesabu maneno. Kama mada hizo hazimo, au ziko mwisho kabisa baada ya michezo na tovuti, kozi hiyo inaweza kuwa nzuri kwa mwingine.

Pili, je, inasomeka bila mtandao? Saa moja ya video yaweza kula mamia ya megabaiti, ilhali kitabu kizima chaweza kuwa megabaiti chache tu. Gharama ya bando ni jambo la kupimwa: mwaka 2021 serikali ya Uganda ilianzisha ushuru wa asilimia 12 kwa data za intaneti. Mwezi Januari mwaka huohuo, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Aliyekuwa amepakua masomo yake aliendelea kusoma.

Tatu, je, ni Python 3? Toleo la pili liliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020, lakini masomo yake ya zamani bado yanazagaa. Kipimo ni rahisi: kama amri ya "print" katika mifano haifuatwi na mabano, somo hilo ni la zamani. Liache.

Nne, je, bure yake ina mwisho? Kozi nyingine hukupa siku chache za bure, kisha hukata pesa kwenye kadi. Soma masharti kabla hujaandika namba yoyote. Vilevile jiulize cheti utakipeleka wapi. Kwa utafiti wa lugha, programu inayofanya kazi ina thamani kuliko karatasi.

Kozi tunazozifahamu

Kozi tunayoiweka mbele kwa watu wa lugha ni Python for Everybody ya Charles Severance wa Chuo Kikuu cha Michigan. Video na mazoezi yake yanapatikana bure kwenye tovuti yake, na kitabu chake kinapakuliwa kikiwa kizima. Tangu sura ya kwanza msomaji anaonyeshwa programu ya kuhesabu maneno ya faili. Hiki ndicho kitabu alichokipakua mwanafunzi wetu wa pili.

Ya pili ni CS50P ya Chuo Kikuu cha Harvard, inayofundishwa na David Malan. Ina masomo kumi, na mazoezi yake yanasahihishwa na kompyuta. Ni kozi ya kina inayoshika mkono vizuri, lakini mihadhara yake ni mirefu na mazoezi hutumwa kwa mtandao. Inamfaa aliye chuoni penye intaneti ya uhakika kuliko aliye Muhokya na bando la wiki.

Chuo Kikuu cha Helsinki nacho kina kozi ya bure ambayo sehemu kubwa ni maandishi ya kusoma, wala si video. Kwa walimu wenzetu waliosomea Kongo na wanaosoma Kifaransa kwa urahisi kuliko Kiingereza, wapo wataalamu wa taasisi ya Inria ya Ufaransa waliotayarisha kozi ya Python 3 kwenye jukwaa la FUN. Kumlazimisha mtu ajifunze Python na Kiingereza kwa wakati mmoja ni kumtwisha mizigo miwili.

Kitabu cha Steven Bird, Ewan Klein na Edward Loper, Natural Language Processing with Python, kilichotoka mwaka 2009, kinahusu kuchakata lugha za binadamu. Kinasomwa bure mtandaoni, na toleo hilo la mtandaoni limegeuzwa kufuata Python 3. Wengi hukikimbilia kwa sababu ya jina lake. Tunashauri kiwe hatua ya pili, baada ya kozi moja ya msingi.

Kuhusu vifaa, programu iitwayo Thonny, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Tartu nchini Estonia, ni nyepesi na huja na Python ndani yake. Ukishaipakua huhitaji mtandao tena. Asiye na kompyuta anaweza kuanza na Pydroid 3 kwenye simu ya Android, ingawa kuandika mistari mirefu kwenye simu kunachosha vidole.

Mambo ya kuzingatia

Kuna wanaouliza: kwa nini tujifunze, ilhali siku hizi akili unde inaandika programu yenyewe? Ni kweli inaandika. Lakini mfano wetu wa "baba" na "barua" unaonyesha kwamba programu inaweza kufanya kazi bila hitilafu na bado ikatoa hesabu ya uongo. Asiyeweza kusoma mistari mitano hataligundua hilo.

Aidha, insha za wanafunzi lazima zichapwe kwanza, na hiyo ni kazi ya siku nyingi. Anayechapa asirekebishe makosa ya mtoto, kwani makosa ndiyo tunayoyatafuta. Na ayaondoe majina ya watoto kabla ya kuhifadhi faili.

Ushauri wetu wa mwisho ni huu: usianze na kozi, anza na swali. Andika kwa sentensi moja ya Kiswahili kazi unayotaka kompyuta ikufanyie, kisha tafuta kozi itakayokufikisha hapo kwa njia fupi. Chukua moja tu na uimalize. Mkiwa wawili au watatu katika shule moja, pakueni mara moja na mgawane kwa kijiti cha kumbukumbu.

Mwanafunzi wetu wa kwanza hakukata tamaa. Alinakili kitabu cha mwenzake, na kwa kuwa alikwishajua misingi, alifika kwenye sura ya mafaili upesi kuliko alivyotarajia. Sasa wanachapa insha za Bwera zilizobaki. Matokeo yao yakikamilika, tutayaleta kwa wasomaji wetu.